Sentimita za Nyuma

Mtu mfupi akipewa pikipiki ndefu, ushauri wa kwanza anaoupata huwa mmoja, uwe umetoka kwa fundi, kwa jirani au kwa mkuu wake wa kazi: ishushe nyuma. Ushauri huo unaingia akilini na bei yake inavutia. Fundi wa kando ya barabara anafungua bolti, anatoa shokapu za asili, anafunga nyingine fupi zilizong'olewa kwenye pikipiki iliyokwisha kufa, na siku hiyohiyo mwenye chombo anaondoka akiwa ametulia kitini. Hoja yangu ni kwamba kazi hiyo, kwa jinsi inavyofanywa mara nyingi, ni ghali kuliko inavyoonekana, na kwamba katika mji kama Bukavu sehemu ya nyuma ya pikipiki inafaa iguswe mwisho, baada ya pete ya springi, baada ya kiti na baada ya viatu. Sisemi isiguswe kamwe, wala simwambii mtu mfupi avumilie. Ninachosema ni kwamba urefu wa pikipiki ni kama shamba la warithi watatu: mpanda, barabara na mzigo. Anayekata kipande cha nyuma ili mpanda aguse chini anawauzia wenzake wawili sehemu yao bila kuwauliza, na barabara za Kivu Kusini hazikawii kudai.

Kwanza tujue tunazungumzia pikipiki zipi. Motari wa Bukavu, waendesha pikipiki za abiria wanaopanda na kushuka kutwa kati ya Nyawera, Essence, Panzi na soko la Kadutu, wengi wao wanaendesha Boxer na TVS. Viti vya pikipiki hizo viko karibu na sentimita 80 kutoka ardhini, na ni nadra mtu kuomba vishushwe. Swali linakuja kwa jamii nyingine: Yamaha za AG na XTZ, Honda XL, zile zenye gurudumu kubwa la mbele, madigadi iliyoinuka na shokapu ndefu. Hizi ndizo pikipiki za safari za mkoa huu. Hazinunuliwi kwa starehe. Zinanunuliwa na parokia, na miradi, na idara za kilimo, na kwa ajili ya zone za afya, ambazo Kivu Kusini ina 34, nyingi zikiwa na vituo ambavyo gari halifiki msimu wa mvua. Muuguzi anayepeleka chanjo Bunyakiri, bwana shamba wa Walungu, mama anayesimamia vikundi vya akiba Kaziba: hao ndio wasafiri wetu, na pikipiki waliyokabidhiwa ilichaguliwa na ofisi iliyotazama bei na uimara, si urefu wa miguu ya yeyote.

Hesabu ya urefu huo ni rahisi kufanya. Kiti cha Yamaha XTZ 125 kiko sentimita 84 juu ya ardhi pikipiki ikiwa haina mtu. Chukua mwanamke wa sentimita 157, kimo cha kawaida kabisa kwetu. Mguu wake, kupima kutoka msambani hadi kisigino, unakaribia sentimita 72. Akikaa, springi zinazama, tuseme sentimita nne. Kiatu kinampa tatu. Kiti kiko 80, mguu umefika 75, na bado paja linapanuka kuzunguka kiti, kwa hiyo mguu haushuki wima. Kisigino kinabaki hewani sentimita tano hadi saba. Anagusa kwa vidole. Kwenye sakafu ya karakana vidole vinatosha. Njiani, akiwa na zaidi ya kilo mia za chuma kati ya mapaja na sanduku la chanjo nyuma, vidole vinatosha mpaka siku havikutosha.

Tena mji wenyewe hauna sakafu. Bukavu umejengwa juu ya miteremko inayoangukia ziwa Kivu, ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 1,460 juu ya bahari, na vitongoji vya Kadutu na Bagira vimepanda juu zaidi, njia zake zikikatwa na makorongo ya mmomonyoko. Tatizo la mteremko kwa mtu mfupi halipo pale unapopanda au kushuka tu, lipo zaidi pale barabara inapoinama upande. Njia ikiinama kwa asilimia 10 tu, na mguu ukatua sentimita 35 kutoka mstari wa magurudumu, ardhi ya upande wa chini imeshuka sentimita tatu na nusu zaidi ya ilivyotarajiwa. Zijumlishe na zile tano au saba za kisigino. Hapo ndipo mtu anapoanguka akiwa amesimama, bila mwendo wowote, mbele ya watu wanaocheka, na mkono wa klachi umevunjika. Kwa hiyo anayetaka kushusha pikipiki yake hana woga wa kitoto. Ana sababu, na sababu hiyo inapimika kwa futi kamba ya fundi cherehani.

Lakini futi kamba hiyohiyo inatoa ushahidi dhidi ya dawa anayopendekezewa. Mpanda hakai juu ya ekseli ya nyuma. Anakaa mbele yake, kiasi cha theluthi moja ya umbali kati ya magurudumu mawili. Ukishusha nyuma peke yake kwa sentimita tatu, pikipiki inazunguka kwenye ekseli ya mbele, na kiti kinashuka sentimita mbili tu. Umetoa tatu, umepokea mbili. Ile moja iliyopotea haikupotea kweli. Imekwenda kuinamisha chombo kizima, pua juu, mkia chini. Umbali kati ya magurudumu ukiwa kama sentimita 135, mwinamo huo ni nyuzi moja na robo hivi. Unaonekana mdogo hadi usiku uingie. Taa ya mbele imefungwa kwenye mwili wa pikipiki, nayo imeinama vilevile. Mwanga wake, kwa umbali wa mita 25, sasa unapiga zaidi ya nusu mita juu ya pale ulipokuwa unapiga. Shimo lililo mbele halionekani vizuri, na anayekuja upande wa pili anapofushwa. Mtu anayepita mlima wa Ngomo jioni, kati ya Nyangezi na Kamanyola, genge likiwa upande mmoja na lori likija kwenye kona, ajiulize kama sentimita mbili za kiti zilistahili malipo hayo. Taa yenyewe inaweza kurudishwa chini kwa bisibisi, hilo ni kweli, lakini ni nani kati ya wanaoshusha nyuma anayekumbuka kugusa taa?

Usukani nao unabadilika. Pua ikiinuka, shokapu za mbele zinalala zaidi, na gurudumu la mbele linakuwa zito kugeuka kwa mwendo mdogo, ule mwendo hasa wa kupenya kati ya mashimo na wauzaji. Wengine wanaipenda hali hiyo kwa sababu kwenye barabara iliyonyooka pikipiki inatulia. Nakubali, ila barabara iliyonyooka mkoani mwetu itafutwe kwanza. Halafu kuna stendi ya pembeni, jambo dogo linaloangusha pikipiki nyingi zilizoshushwa. Stendi ilikatwa kiwandani kwa urefu wa asili. Mwili ukishuka, stendi inakuwa ndefu kupita kiasi, pikipiki inasimama karibu wima badala ya kuegemea, na upepo wa lori au mteremko kidogo wa kulia unatosha kuilaza. Kuikata na kuichomelea upya si kazi kubwa, lakini ni malipo mengine, nayo haikutajwa kwenye bei ya mwanzo.

Sasa tuziangalie njia zenyewe za bei nafuu, maana ubaya wake haulingani. Iliyo mbaya kuliko zote ni kupasha springi kwa gesi ya kuchomelea hadi ilegee na kujikunja. Chuma cha springi kilipata nguvu yake kwa kupashwa na kupozwa kwa kipimo. Ukikipasha ovyo umekifuta kumbukumbu, na kitaendelea kuzama mwezi baada ya mwezi hadi shokapu iwe inagonga mwisho kila shimo. Inayofuata ni kukata springi. Wengi wanadhani springi iliyokatwa inakuwa laini, kumbe inakuwa ngumu. Mizunguko kumi ikipunguzwa miwili, ile minane iliyobaki ina ugumu wa robo zaidi, kwa sababu chuma kinachofanya kazi kimepungua. Matokeo yake ni pikipiki fupi inayorusha mpanda, yenye springi isiyo na ncha iliyosawazishwa, inayocheza ndani ya makao yake kila gurudumu linapoinuka. Mtu mwepesi, ambaye ndiye aliyeombewa kazi hiyo, ndiye anayerushwa zaidi.

Kufunga shokapu fupi za pikipiki nyingine kunaonekana safi zaidi, na wakati mwingine ni safi kweli. Hapo cha kuangaliwa si urefu wake zikiwa wima. Ni urefu wake zikiwa zimebanwa hadi mwisho. Shokapu ya asili, ikibanwa kabisa, inasimama mahali ambapo mhandisi alihakikisha tairi haligusi madigadi. Shokapu ya kuazima ikiwa na mwisho mfupi zaidi, siku pikipiki imebeba abiria na gunia la unga wa muhogo ikapiga shimo, tairi litakwenda kusugua madigadi, au waya za taa zilizopita chini yake, au vyote. Na shokapu iliyotoka kwenye pikipiki ndogo ilitengenezwa kubeba mzigo mdogo. Zenye shokapu moja ya katikati zina mtego mwingine: kwa kuwa shokapu imefungwa karibu na mhimili wa mkono wa gurudumu, sentimita moja kwenye shokapu inakuwa mbili na nusu au hata tatu kwenye gurudumu. Fundi aliyezoea pikipiki za shokapu mbili, ambako moja ni karibu sawa na moja, anaongeza au kupunguza kidogo tu na anashangaa chombo kimekaa chini kama mbuzi aliyegoma. Kwenye pikipiki hizo watu huchonga upya vile vibao viwili vya chuma vinavyounganisha shokapu na mkono, wakivirefusha. Kwa kanuni ni njia nzuri, na viwanda vya vipuri huko nje vinaviuza. Ila kibao kilichokatwa kwenye chuma laini cha geti, tundu zake zikatobolewa kwa jicho, kimoja kikazidi kingine unene wa ukucha, kinapinda mzigo wote upande mmoja na kula bushi. Kikikatika, nyuma yote inaangukia gurudumu pikipiki ikiwa mwendoni. Sijui njia nyingine ya kuokoa pesa kidogo inayohatarisha kiasi hicho.

Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, benki zikafunga na ndege za abiria zikakoma Kavumu, hesabu ya gharama imebadilika pia. Mtu wa Nairobi au Dar es Salaam akiharibu shokapu ya asili anaweza kuagiza nyingine na kungoja. Hapa, kipuri halisi kilichokatwa kwa msumeno ni kipuri kilichotoweka. Kwa hiyo ninapotumia neno nafuu sizungumzii bei ya leo tu. Nazungumzia pia bei ya kurudi nyuma. Kazi ambayo haiwezi kufutwa si ya bei nafuu hata kama fundi ameifanya bure.

Pa kuanzia ni mahali ambapo urefu umelala bila mwenyewe kujua. Shokapu nyingi za nyuma zina pete chini au juu ya springi, yenye ngazi au yenye hesi, inayoibana springi mapema. Kanuni ya kale ya mafundi ni kwamba mpanda akikaa, nyuma izame karibu theluthi moja ya safari yote ya gurudumu. Kwa pikipiki yenye safari ya sentimita 15, mtu akikaa tungetarajia izame kama tano. Lakini springi moja imetengenezwa ili imbebe mwanamume wa kilo 80 na mzigo, na pikipiki za ofisi mara nyingi hukutwa pete yake imekazwa hadi ngazi ya juu na aliyeitumia kabla. Muuguzi wa kilo 52 akikaa juu yake, chombo hakimhisi. Kinazama tatu, pengine nne. Yaani sehemu ya urefu unaomtesa si urefu wa pikipiki. Ni uzito wake yeye usiotosha kuifikisha mahali pake. Ukilegeza pete hujaiba kitu kwa barabara wala kwa mzigo. Umempa mpanda kilichokuwa chake tangu kiwandani.

Kazi hii inahitaji watu wawili na dakika chache, lakini itazame kwa karibu uone kwa nini mara nyingi haifanywi. Gurudumu la nyuma linainuliwa, mmoja anapima kutoka ekseli hadi alama ya chaki kwenye mkia. Kisha mpanda anakaa na viatu vyake na mfuko wake, na kipimo kinarudiwa. Tofauti ya vipimo viwili ndiyo inayosema kama pete iguswe. Basi fundi anainama na kukuta pete imeshikwa na udongo mwekundu uliokauka kwa misimu miwili, umekuwa kama saruji. Ufunguo wa ndoano uliokuja na pikipiki ulipotea zamani. Anachukua patasi na nyundo, anapiga meno ya pete, jino moja linaruka, lingine linalala, na pete haijasogea hata ngazi moja. Hapo anahitimisha kwamba haigeuki na anapendekeza shokapu fupi. Brashi ya waya, maji, mafuta kidogo na usiku mmoja wa kungoja vingeigeuza. Na ufunguo wa ndoano unaweza kuchongwa kwenye bamba la chuma na fundi yeyote wa kuchomelea. Ajabu ya karakana zetu ni kwamba tuna subira ya kuchomelea mkono wa gurudumu upya lakini hatuna subira ya kuosha pete.

Baada ya pete ni kiti, na kwenye kiti kuna siri ambayo fundi wa viti anaifahamu kuliko fundi wa pikipiki. Mpanda hahitaji kugusa chini akiwa anaenda. Anahitaji akisimama, na akisimama husogea mbele karibu na tangi. Kwa hiyo sponji ya nyuma, ile inayobeba makalio kwa saa nyingi kuelekea Kamituga, haina haja ya kuguswa. Inayopunguzwa ni pua ya kiti: sentimita mbili au tatu kwa kimo, na pembeni pale mapaja yanapopita. Huko pembeni watu wanakusahau, lakini mguu wa sentimita 72 unaolazimishwa kupanuka sentimita 15 kutoka katikati hupoteza kama moja na nusu ya kimo chake. Ukipunguza upana huo hadi kumi, unarudishiwa karibu sentimita moja bila kitu chochote kushuka. Sponji iliyokatwa ikihifadhiwa inaweza kugundishwa tena. Mwisho ni viatu. Bote za mpira za Kivu zina soli nyembamba. Fundi viatu akiongeza safu ya mpira mgumu, mguu umerefuka sentimita mbili, kisha mkono wa gia unainuliwa jino moja ili kiatu kiingie chini yake. Jumlisha: moja au mbili za pete, mbili au tatu za pua ya kiti, moja ya upana, mbili za soli. Tumefika sita hadi nane, na kisigino cha yule mwanamke wa sentimita 157, kilichokuwa hewani tano hadi saba, kimetua. Shokapu hazijatoka mahali pake.

Kuna watakaosema nimejisumbua bure, mtu mfupi apande pikipiki fupi. Angepanda kama angenunua mwenyewe na kama safari yake ingeishia Panzi. Lakini pikipiki fupi ina nafasi ndogo chini ya injini na safari ya gurudumu la nyuma isiyozidi sana sentimita kumi, na barabara ya taifa namba 2 kuelekea Mwenga, au namba 3 inayopita mbuga ya Kahuzi-Biega kwenda Bunyakiri, zina mawe yasiyojali kimo cha mpanda. Wengine watasema mwendeshaji hodari hahitaji kugusa chini. Wanamtaja Dani Pedrosa wa Hispania, mtu wa takriban sentimita 160 aliyeshinda mbio 31 katika daraja la juu la MotoGP. Mfano mzuri, ila hakuna mtu aliyewahi kumsimamisha Pedrosa katikati ya kona ya kupanda ili mbuzi wapite. Uhodari unasaidia sana katika kuchagua mahali pa kusimama: kuweka mguu upande ulioinuka, kuteleza kitini nusu na kushusha mguu mmoja tu, mwingine ukiwa kwenye breki ya nyuma. Mambo hayo yafundishwe siku ya kukabidhi pikipiki. Hayafuti hesabu ya mteremko, yanaipunguza.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni lile la uimara. Kitu kilicho chini hakianguki kirahisi, watu husema, na kwa kitu kilichosimama ni kweli. Pikipiki iliyo mwendoni haibaki wima kwa kuwa fupi. Inabaki wima kwa kugeuza usukani na kuinama, na ile iliyoshushwa inaishiwa nafasi ya kuinama mapema, vikanyagio na stendi vikianza kukwaruza. Ushahidi wa karibu zaidi unatoka kwa motari wenyewe. Watu hao wanaishi kwa kila franka, na hawamlipi fundi kwa kitu kisichowarudishia. Wao wanalipa ili nyuma iwe ngumu zaidi na isizame, waongezewe springi, waimarishiwe vishikio vya shokapu, kwa sababu wanabeba abiria wawili na mizigo ya soko. Boxer yenyewe inauzwa kwa sifa ya kuwa na springi ndani ya springi. Kama wanaozijua barabara hizi kuliko wote wanatumia pesa zao kulinda sentimita za nyuma, anayetumia zake kuzifuta anatakiwa awe na sababu nzito kuliko raha ya kisigino.

Na zipo sababu nzito. Mtu wa sentimita 148, au mwenye mguu mmoja mfupi, au anayerudi kazini baada ya nyonga kuvunjika, anaweza kumaliza pete, kiti na soli na bado asifike. Huyo ashushiwe shokapu, bila aibu, lakini kwa kuzingatia wanachofanya watengenezaji wenyewe. Triumph walipotoa Tiger 900 GT Low mwaka 2020, kiti kilishuka kutoka milimita 810 hadi 760 katika nafasi yake ya chini, na safari ya shokapu za mbele ikapunguzwa kutoka 180 hadi 140. Waligusa mbele na nyuma kwa pamoja, na hawakuficha kwamba pikipiki hiyo ina safari fupi zaidi. Fundi wa Kadutu hana maabara, ila kanuni hiyo inamfikia. Shokapu za mbele zilegezwe kwenye vishikio vyake na kusukumwa juu kwa kiasi kilekile kitakachoshuka nyuma, sentimita moja na nusu hadi mbili, si zaidi. Kisha springi zitolewe, pikipiki ibanwe hadi mwisho mbele na nyuma, na mtu aangalie kwa tochi kama tairi linagusa chochote na kama waya wa breki umevutika. Cheni ipimwe upya ekseli, mhimili na meno madogo ya mbele vikiwa mstari mmoja, pale inapobana zaidi. Stendi ikatwe. Taa ikaguliwe. Na mzigo wa nyuma upunguzwe, maana huyo mrithi wa tatu ndiye aliyelipa.

Neno la mwisho ni la wenye pikipiki, ambao kwa kawaida si waendeshaji. Pikipiki ya zone ya afya inakaa miaka mingi kuliko muuguzi anayeitumia. Huyu anahamishwa, yule anaolewa, mwingine anakwenda Kinshasa kusoma, na chombo kinakabidhiwa mtu mwenye kimo tofauti. Ofisi inayoandika namba ya injini na namba ya chesisi kwenye daftari la makabidhiano inaweza kuongeza mistari miwili: kipimo cha mguu wa anayepokea, na ngazi ya pete ya springi. Kiti cha pili chenye pua iliyopunguzwa kinaweza kukaa stoo na kubadilishwa kwa bolti mbili. Shokapu za asili, kama zimetolewa, zipakwe grisi, zifungwe kwenye gunia na kuandikwa namba ya pikipiki yake, kwa sababu anayefuata huenda akawa na sentimita 180, na atazihitaji.